Jicho likivilia damu, chunga mikono na taulo

Damu ndiyo inayowatisha watu. Mwanangu alilala akilalamika kwamba machoni kuna mchanga. Kulipokucha kope zilikuwa zimevimba, machozi yanamchuruzika, na weupe wa jicho la kulia umevilia damu upande mzima. Hospitali walimpima kwanza uwezo wa kuona, kisha daktari akanieleza kwamba ni ugonjwa wa macho mekundu wa kuambukiza, ule unaovilisha damu: vimishipa vyembamba vilivyo chini ya utando wa jicho hupasuka, damu ikatanda hapo. Inatisha kuitazama, lakini haiharibu uoni, na hufyonzwa yenyewe taratibu.

Wanaoleta hali hii hasa ni virusi viwili, enterovirusi 70 na koksaki A24. Mlipuko wa kwanza kutambuliwa ulikuwa Ghana mwaka 1969, wakati Apollo 11 ilipotua mwezini, na ugonjwa ukabandikwa jina la chombo hicho.

Wapo wanaoamini kwamba ukitazamana na mgonjwa umeshaupata. Si kweli, na imani hiyo inaniudhi, kwa sababu mtu anakwepa macho ya mwenzake huku akijifutia taulo la mgonjwa huyohuyo. Virusi vimo kwenye machozi na tongotongo. Mgonjwa anafikicha jicho, anashika kitasa au simu. Nawe unashika papo hapo, kisha unajigusa usoni. Dalili hujitokeza mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48, hivyo darasa zima linaweza kuugua karibu kwa mpigo.

Kwa hiyo mtengee mgonjwa taulo na foronya. Machozi ayafute kwa karatasi laini na kuitupa, anawe kwa sabuni kila anapogusa jicho, na wewe unawe kila ukimhudumia. Wanja usiazimane. Chupa ya dawa ya matone nayo ni ya mtu mmoja: ncha ikigusa kope, imeshabeba virusi. Shule tulisitisha mpaka macho yakakauka.

Antibiotiki haziui virusi. Kitambaa safi chenye maji baridi hutuliza, na wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Mkojo, maziwa ya mama na majani ya chai visiingie machoni kabisa. Matone yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) bila daktari yanaweza kukuharibia jicho.

Ukiona ukungu, maumivu makali au mwanga usiovumilika, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga au mvaaji wa lenzi, nenda hospitali siku hiyohiyo.