Jeli ya kupimia dozi: usiipige picha ikiwa bado baridi

Asubuhi moja nilitoa kwenye friji chupa ya jeli ya kupimia dozi ya mionzi nikaibeba moja kwa moja hadi chumba cha MRI, mashine ipigayo picha kwa sumaku. Tulikuwa tumeipika wenyewe, na siku iliyotangulia tukaipiga mionzi kwa mpango wa matibabu wa mgonjwa wa saratani ya koo, ili kuuhakiki mpango huo. Ukiielekeza kwenye mwanga uliiona dozi kwa macho: palipopigwa pameganda peupe kama tui, upande ambao kwa mgonjwa ungekuwa uti wa mgongo pamebaki angavu. Picha zilipotoka, katikati ya chupa dozi ilizidi mpango kwa karibu asilimia 8. Nusura tusimamishe matibabu.

Mashine haikuwa na kosa, wala mpango. Mionzi huunganisha molekuli ndogo za jeli kuwa polima, na polima hiyo hufanya ishara ya maji yaliyo jirani ififie upesi ndani ya MRI. Kasi ya kufifia ndiyo tunayoigeuza kuwa grei, yaani kizio cha dozi ya mionzi. Sasa, baridi nayo huongeza kasi hiyohiyo. Vichupa vidogo vya kulinganishia, vyenye jeli iliyopigwa dozi zinazojulikana, vilikuwa vimeshapata joto la chumba, lakini chupa kubwa ilikuwa na joto nje tu, moyoni bado baridi.

Tangu hapo jeli yangu hulala chumba cha MRI usiku kucha, chupa na vichupa vyake pamoja. Na vichupa vijazwe kutoka sufuria ileile, siku ileile, maana kila pishi lina tabia yake. Usithubutu kutumia vya wiki iliyopita.

Kuna na oksijeni, ambayo huzuia polima isijengeke. Jeli ya MAGIC, iliyotangazwa mwaka 2001, inapikika hewani kwa sababu vitamini C na shaba iliyomo huila oksijeni. Jeli za awali, zilizopikwa kwa kemikali ya akrilamidi, zilihitaji kupulizwa naitrojeni. Hata hivyo tumia kioo, ujaze hadi mdomoni. Plastiki nyingi hupitisha hewa, na utakuta ukingo umebaki angavu hata pale mionzi ilipopita. Akrilamidi yenyewe ni sumu ya neva: vaa glavu, usiipime bila kinga ya pua.

Vijana huniuliza kwa nini tujisumbue hivi wakati chemba ya ayoni, kile kifaa kidogo cha kupimia mionzi, ipo. Chemba husoma nukta moja, filamu husoma bapa moja. Katika mipango ya siku hizi dozi huporomoka ndani ya milimita chache kati ya uvimbe na uti wa mgongo. Nukta yako inaweza kuwa sawasawa huku mporomoko wenyewe umesogea hadi mahali pabaya mwilini mwa mgonjwa. Jeli huuonyesha wote, pande zote tatu.

Lakini chemba usiiache. Siku ile ilikuwa imesoma sawa na mpango, nasi tukaipuuza kwa kuwa picha ya jeli ilipendeza mno. Tuliiacha chupa mezani hadi kesho yake, tukaipiga picha upya. Ile asilimia 8 haikuwepo.