Kabla ya kulaumu programu, angalia kidoti kiko wapi

Usiku ule niliapa kwamba Python, lugha niliyoandikia programu, imerogwa.

Tulikuwa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, mimi na mdogo wangu, tukitengeneza programu ya mauzo ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Mteja akilipa kwa dola na kurudishiwa franka, chenji ilipungua. Nikaweka brekipointi, kile kidoti chekundu kinachoiamuru programu isimame hapo, kwenye mstari wa 212, pale chenji inapohesabiwa, nikafunga faili. Umeme ukakatika, kama kawaida yake. Uliporudi nikavuta mabadiliko ya mdogo wangu kupitia terminali kwa Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, nikawasha dibaga, chombo cha kusaka makosa, na kuuza misumari ya kubuni ya dola 20. Chenji mbovu ikatoka, programu haikusimama. Nikauza tena. Wapi!

Saa mbili zikaenda hivyo, betri ya kompyuta imebaki asilimia 11.

“Yaya, hebu fungua faili kwanza,” mdogo wangu akaniambia (kwetu yaya ni ndugu mkubwa).

Kidoti kilikuwa pale pale 212, chekundu, hakina kasoro. Ila yeye alikuwa ameongeza mistari 9 huko juu. Hesabu ya chenji ilikuwa imeshuka hadi 221, na 212 sasa ulikuwa mstari wa bei ya jumla, ambao mnunuzi wa rejareja haufikii kamwe.

Ukiandika ndani ya kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, kidoti hushuka na mstari wake, kwa sababu kihariri kinashuhudia kila badiliko: limetokea wapi, herufi ngapi zimetoka, ngapi zimeingia. Alama zote zilizo chini ya hapo zinasogezwa kwa tofauti hiyo. Faili likifungwa, kihariri cha VS Code kinabaki na jina la faili na namba ya mstari, basi. Git ikiligusa faili wakati huo, namba haina habari. Ni kama kumwelekeza mgeni “parseli ya saba kutoka kona”, yaani kiwanja cha saba, halafu wenye parseli za mbele wakazigawa.

Hata ndani ya kihariri kuna mitego. Ukibonyeza Enter mwanzoni kabisa mwa mstari, kidoti kibaki juu kwenye mstari mtupu au kishuke na msimbo? Emacs, kihariri kingine, imeliacha hilo liwe chaguo la kila alama; usipochagua, alama inabaki juu. Ukikata mstari na kuubandika kwingine, kihariri kinaona kufuta, kisha kuandika, na kidoti hakisafiri. Mimi naogopa zaidi programu za kupanga msimbo, zinazobadilisha faili zima kwa mkupuo mmoja kila ukihifadhi.

Kwa hiyo siku hizi nikivuta kwa Git au nikihamia tawi jingine la msimbo, nafungua faili na kutazama vidoti kabla ya kuwasha chochote. Pale ninapojua nitarudi siku nyingi, nasimamisha kwa jina la funksheni, kipande cha msimbo chenye jina lake, badala ya namba ya mstari. Au naandika `breakpoint()` ndani ya msimbo wenyewe, kitu kilichokuja na Python 3.7 mwaka 2018: huo ni mstari kama mingine, Git itaubeba popote.

Tatizo ni hilo la kubebwa popote. Jumamosi moja asubuhi mwenye duka alinipigia: mashine ya kaunta imeganda, foleni ya wanunuzi wa saruji imefika barabarani. Nilikuwa nimeusahau ndani.