Gitaa la mashoto

Mwanangu,

Jumapili ulinipigia simu ukasema umelishusha gitaa langu juu ya kabati, umempelekea fundi, naye anadai nyuzi zimefungwa kinyume, anataka azigeuze. Halafu ukaniuliza: "Baba, kama uliipenda roki hivyo, mbona miaka yote ulipiga rumba?" Nilinyamaza kwa sababu jambo hilo halisemeki haraka.

Fundi asiguse kitu.

Mimi ni wa mashoto, unajua. Nyanya yako alikuwa akinifunga kitambaa mkono huo wakati wa kula ili nizoee wa kulia. Hata gitaa langu la kwanza, la debe na waya za breki ya baiskeli, nililipiga kwa kulia kama walivyonielekeza, na vidole havikutii. Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka 18, mjomba alinituma River Road, Nairobi, kumnunulia santuri ya rumba. Dukani niliona jalada lenye picha ya Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa roki wa Marekani. Alikuwa ameshafariki, London, Septemba 1970, na mimi sikuwahi hata kulisikia jina lake. Nilichokiona ni mkono: amelipindua gitaa la watu wa kulia, analipiga kwa kushoto. Nikamwomba mwenye duka aniwekee. Mwanangu, ile sauti ilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya lami, kisha ikashika noti moja ikakataa kuiachia. Nilikuwa nimezoea gitaa linaloimba, kila noti safi. Hili lilikuwa linalia. Pesa ya mjomba ikaishia hapo.

Sasa jibu lako. Wengi wetu tulioingia kwenye bendi hatukuwa na vyombo. Gitaa, spika, hata waya, vyote vilikuwa vya mwenye klabu, na mwenye vyombo ndiye aliyeamua kinachopigwa. Watu walikuja kucheza rumba. Bendi kama Super Mazembe na Simba Wanyika zilikuwa zimeushika mji. Mimi nilipewa gitaa la rizimu: kurudia kitu kilekile dakika kumi bila kuyumba, solo ikipanda na watu wakilowa jasho. Usidhani niliidharau. Rumba ndiyo iliyonifundisha kuwasikiliza wenzangu, na baadaye ndiyo iliyokulipia karo.

Lakini Jumatano mchana, klabu ikiwa imefungwa na viti vimepinduliwa juu ya meza, tulikuwa na saa moja yetu. Gitaa nililopewa nililifunga nyuzi upya, uzi mnene juu kwa upande wangu. Haukukaa, kwa kuwa vijifereji vya kile kidaraja cha mfupa karibu na vigingi vilikuwa vimechongwa kwa mkono wa kulia. Nikavipanua kwa tupa ndogo siku mbili, nikipuliza ule unga mweupe, nikijaribu, nikichonga tena. Jumatano moja nilifungua amplifaya mpaka mwisho, nikaligeuza gitaa lielekee spika. Sauti iliyotoka kwenye spika ikautikisa uzi, uzi ukairudisha kwenye amplifaya, ikatoka tena. Nikaondoa vidole vya kulia na vya kushoto. Noti ikabaki. Mama aliyekuwa akipiga deki akasimama na tambara mkononi, akatutazama. Hata leo sijui furaha iliyozidi ile, isipokuwa siku uliyozaliwa.

Kisha yakatokea yale ya Agosti 1, 1982. Wanajeshi wakajaribu kuipindua serikali, ikaja kafyu, na bendi inayopata riziki usiku haina la kufanya wakati wa kafyu. Mwenye klabu akauza vyombo. Mshahara wa mwezi ule hatukuuona. Nilipokwenda kudai, ukumbi ulikuwa mtupu, limebaki hili gitaa peke yake limeegemezwa ukutani. Wanunuzi walilijaribu wote wakalirudisha; nyuzi zilikuwa kinyume. Akaniambia nilichukue, tumemalizana. Nikalibeba begani mpaka mtaa wa Jericho kwa miguu, bila mfuko, mvua ikininyeshea.

Kwa hiyo mwambie fundi azilegeze nyuzi tu, shingo isije ikapinda, na kile kidaraja akiache kilivyo. Jumamosi asubuhi nakuja nalichukua mwenyewe.

Baba yako