Shimo wameacha wao, kaunti inaingiaje?

Dadangu, umeuliza nani asafishe machimbo yakiachwa na sumu huku Magarini, Kilifi, na kama ni kazi ya kaunti. Hapana. Anaanza mwenye leseni: Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka awe na mpango wa kufunga mgodi na aweke dhamana ya fedha ya mazingira, ili akitoroka itumike hiyo. NEMA nayo, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kwa sheria ya mazingira ya 1999, yaweza kumpa amri ya kurejesha ardhi. Wakizembea wote, Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa hapa hapa Malindi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika na sumu ya madini ya risasi, waliishtaki hata serikali, wakashinda 2020. (Wanaokwambia "nenda kwa MCA", yaani mwakilishi wa wadi kwenye kaunti, wanakuchosha miguu tu.) Ila tangulia na barua NEMA, ubaki na nakala yenye muhuri.