Mgongo umeshapasuliwa, mbona mguu bado una ganzi?

Wiki hii wengi mmeuliza juu ya pingili ya kiuno iliyoteleza na kuubana mshipa wa fahamu. Nimechukua maswali manne.

Mama yangu ni mkulima wa mwani Jambiani. Miezi miwili baada ya upasuaji maumivu ya mguu yamekwisha, lakini unyayo bado una ganzi. Upasuaji haukufaulu?

Usikate tamaa, mwanangu. Daktari huondoa kinachoubana mshipa. Kupona ni kazi ya mshipa wenyewe. Mara nyingi maumivu huondoka mwanzo, nguvu hufuata, na ganzi huwa ya mwisho. Pengine isiishe yote, khasa ikiwa mshipa ulibanwa muda mrefu. Nyuzi za fahamu zilizoharibika huota kiasi cha milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni karibu mita nzima. Basi hesabuni miezi, hata mwaka na zaidi. Kwa sasa asiingie pwani pekupeku, na kila jioni mumkague nyayo, maana akichomwa na mwiba hatajua. Apimwe na sukari pia. Kisukari nacho huleta ganzi ya miguu.

Mzee wangu, wa Wete, tangu apasuliwe kandambili inamvuka na vidole vinaburura chini. Tumeambiwa tuvumilie.

Hili la kuvumilia silikubali. Mwambieni asimame kwa visigino. Ncha ya mguu ikikataa kunyanyuka, huenda mshipa wa L5, yaani mshipa wa fahamu utokao chini ya pingili ya tano ya kiuno, umedhurika. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi pale pingili iliyoteleza sana inaporudishwa mahali pake, kwani mshipa huvutwa. Udhaifu mpya baada ya upasuaji huripotiwa siku hiyo hiyo: pengine damu imejikusanya au skrubu iliyofunga pingili imegusa mshipa, na hayo huweza kurekebishwa yakiwahiwa. Hata sasa mrudisheni kwa aliyempasua. Wengi hupata nguvu tena, yote au sehemu, kwa mazoezi ya viungo na kifaa cha kushikilia kifundo.

Nitaweza kusujudu tena?

Wengi huweza, mfupa wa pingili zilizofungwa pamoja ukishaunga, nako huchukua miezi. Kwa sasa sali juu ya kiti mpaka daktari akuruhusu. Na sigara acha. Huchelewesha mfupa kuunga.

Naogopa kupooza. Miadi yangu Mnazi Mmoja ni mwezi ujao, naweza kuahirisha?

Woga wako naufahamu, dada. Uti wa fahamu, ule upitao ndani ya uti wa mgongo, huishia juu ya pingili za chini za kiuno, ambazo ndizo huteleza mara nyingi, chini yake ni mishipa tu, kwa hiyo kupooza miguu yote ni nadra. Miadi usiahirishe. Na mkojo ukizuilika au ukikutoka bila kujua, haja kubwa ikakutoka hivyo hivyo, sehemu za siri zikafa ganzi, au miguu yote miwili ikalegea, miadi haina maana tena. Nenda hospitali usiku huo huo, uwaeleze dalili zote bila kuona haya.