Muulize Kocha: "Digrii ninayo, misuli ninayo, mbona shule hazinijibu?"

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi ni kijana wa miaka 28, kwetu Morogoro, sasa naishi Louisville, Kentucky. Nilipata grini kadi kwa bahati nasibu nikaja huku mwaka juzi. Nina shahada ya elimu ya michezo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ila kwa sasa napanga maboksi ghalani, zamu ya usiku. Vyuma nimeanza kubeba tangu kidato cha pili, na leo hii napiga sikwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, ya kilo 180. Ndoto yangu ni kuwa kocha wa viungo kwenye shule ya sekondari, hizi wanazoziita haiskuli. Nimetuma maombi shule tisa, hakuna hata moja iliyojibu. Jamaa yangu anasema ninunue cheti cha mtandaoni cha wikiendi moja, eti kinatosha. Ni kweli? Na je, ukurasa wangu wa Instagram wenye video za mazoezi niuambatishe kwenye maombi?
Msomaji, Louisville

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa hizo kilo 180, mimi sijawahi kuzifikia hata nilipokuwa na umri wako. Bahati mbaya hakuna mkuu wa shule atakayekuuliza habari zake. Miaka kumi na moja nipo kwenye kazi hii hapa Ohio, na wanaoniuliza nabeba ngapi ni wavulana wa darasa la tisa peke yao.

Nikikisia kwa nini hujajibiwa, naona umeomba kazi ambayo kwenye shule nyingi haipo. Ipo kazi ya ualimu wa michezo. Huyo mwalimu anafundisha vipindi vitano mchana, viwili au vitatu kati ya hivyo ni vya vyuma, kengele ya mwisho ikilia anabaki na timu hadi saa kumi na mbili, na kwa hayo ya jioni analipwa posho juu ya mshahara. Shule zenye kocha wa viungo asiyefanya kitu kingine chochote zipo, hasa kusini, Texas na Georgia, kule ambako mpira wa Kimarekani ni kama dini. Hospitali na kliniki nyingine nazo hupeleka makocha mashuleni kwa mkataba. Lakini ukipanga maisha yako kwa kutegemea nafasi hizo utazeeka ghalani.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ni leseni ya ualimu ya jimbo. Shahada yako ya Dar itabidi ipelekwe kwenye taasisi inayolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, na hilo lifanye mwezi huu, maana kusubiri nakala za matokeo kutoka nyumbani kunaweza kukuotesha mvi. Kentucky ina njia kadhaa mbadala za kumwingiza darasani mtu mwenye shahada ambaye hakusomea ualimu huku. Uliza ofisi ya jimbo ipi inakufaa. Utachukuliwa alama za vidole na watachunguza kama una rekodi ya makosa. Wakati unasubiri, omba kuwa mwalimu wa kujazia, yule anayeitwa mwenzake akiumwa. Malipo yake si ya kujisifia nyumbani, lakini utakuwa ndani ya jengo, na watu wa ndani ndio wanaosikia kwanza kwamba mwalimu fulani anahama.

Karatasi ya pili ni CSCS, cheti cha chama cha makocha wa viungo kinachoitwa NSCA. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1978 na Boyd Epley, ambaye Chuo Kikuu cha Nebraska kilikuwa kimemwajiri mwaka 1969 kuwasimamia wachezaji wa mpira wa Kimarekani kwenye vyuma, enzi ambazo makocha wengi waliamini vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito. Inasimuliwa kwamba kocha mkuu wake, Bob Devaney, alimwambia mchezaji mmoja tu akipungua mbio, kazi huna. Ili upewe CSCS lazima uwe na shahada, uwe na cheti hai cha huduma ya kwanza ya moyo, na ufaulu mtihani. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni sayansi: misuli, mifupa, lishe, saikolojia. Ya pili ni vitendo: unaonyeshwa video ya mtu ananyanyua, unaulizwa kakosea wapi, unaulizwa namna ya kupanga programu ya msimu. Ukianguka sehemu moja unairudia hiyo tu. Mimi ya kwanza ilinitupa, nikarudi baada ya miezi minne.

Cheti cha jamaa yako cha wikiendi moja, hela yake nunulia viatu.

Sasa nikwambie kazi yenyewe, maana hapo ndipo vijana wengi wanaobeba vizuri wanaposhindwa. Una watoto 34, dakika 45, na kumi kati ya hizo zinaliwa na kubadili nguo. Kilo utaziacha uwanja wa ndege, huku ni pauni: chuma kitupu ni pauni 45. Wanagawanywa watatu watatu kwa kila fremu ya kuwekea chuma, mmoja ananyanyua, mmoja anamlinda, wa tatu anaandika. Jicho lako halitazami yule mwenye nguvu. Linamtafuta yule aliyejibanza pembeni anajifanya anafunga kamba za viatu.

Niliwahi kuwa na binti wa miaka 14, mchezaji wa wavu, ambaye kila akiinama kushika chuma mgongo wake ulipinda kama wa paka. Nilimtolea chuma nikampa mpini wa ufagio, akauweka mgongoni ugusane na sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Ukiinama sehemu moja ikiachana na mpini, umekosea. Wiki nzima haikuwa. Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote, nikamwonyesha picha, wapi. Siku moja nikachoka, nikamwambia ngoja nikuonyeshe bibi yangu anavyopalilia. Nikaenda chini kama wanawake wa kwetu Korogwe wanavyopalilia mahindi asubuhi, miguu karibu imenyooka, makalio nyuma, mgongo bapa kama meza, mkono mmoja umeshika jembe la hewa. Darasa zima likacheka. Yeye akaiga, na mpini haukuachana hata sehemu moja. Kwenye programu yangu zoezi hilo hadi leo limeandikwa "Bibi", na wazungu wanalitamka hivyo hivyo.

Upande wa pili nao usikie. Mwaka wangu wa pili kazini, Januari, watoto wametoka likizo ya Krismasi wiki mbili wamelala na simu, nilitaka kuwaonyesha kwamba huyu Mwafrika hana mchezo. Nikawapigisha sikwati 150 bila chuma, halafu kuruka, halafu kupanda ngazi za jukwaa. Hakuna aliyelalamika, nikajiona mwamba. Siku ya tatu kijana mmoja akaniambia mapaja yamevimba hadi suruali haipandi, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Nilitaka kumwambia anywe maji. Mungu bariki mtaalamu wa majeraha wa shule alikuwa mlangoni akasikia, akapiga simu pale pale. Misuli ilikuwa imevunjika ikamwaga protini kwenye damu, na figo ndizo zilizokuwa zinauchuja uchafu ule. Alikaa hospitali siku nne kwenye dripu. Alipona. Mama yake alipokuja hakunifokea, alinitazama tu, na mimi nilikuwa nimeshika filimbi mkononi kama mpumbavu.

Tangu hapo baada ya likizo nafuata mwongozo ambao NSCA na wenzao wa vyuo walitoa mwaka 2019. Wiki ya kwanza unakata nusu ya kazi ya mbio na pumzi, wiki ya pili unakata asilimia 30. Kwa mtoto mgeni kabisa unaongeza wiki mbili, unakata asilimia 20 kisha 10. Vijana watakwambia ni rahisi mno. Waache waseme. Ukija kwenye usaili ukaulizwa utafanya nini siku ya kwanza, anzia hapo, watakaa vizuri kwenye viti.

Kuhusu hizo shule tisa: acha kutuma barua kwa ofisi ya wafanyakazi. Chagua shule mbili zilizo karibu na unapoishi, mwandikie mkurugenzi wa michezo wa kila moja mistari mitano, umwombe ujitolee kusaidia chumba cha vyuma wakati wa kiangazi. Juni na Julai vyumba hivyo hufunguliwa alfajiri, mikono haitoshi. Wewe unatoka zamu asubuhi, utasinzia, lakini kubali. Mie nilijitolea viangazi viwili, cha tatu wakaniajiri. Nafasi za ualimu nyingi hutangazwa kati ya Machi na Mei, kwa hiyo mwezi wa pili ukikukuta na leseni mkononi utakuwa umejipanga.

Wazazi wenzetu wa Kiswahili huko Louisville ni wengi, Wakongo hasa, na utasikia sana kwamba vyuma vinadumaza watoto. Havidumazi, mradi kuna mtu anayesimamia. Utakuwa huenda kocha wa kwanza anayeweza kumweleza hivyo mama wa Kibembe bila mkalimani, na hilo liandike kwenye maombi juu kabisa, kabla ya sikwati yako.

Instagram usiambatishe. Na zile za kifua wazi mbele ya kioo, nimeziona, zifiche leo usiku kabla hujaenda zamu.