Mbwa anakanyaga swichi ya kioo cha gari: usikubali kukatwa waya

Mkuu, umesema mbwa wako alikanyaga swichi ya kioo cha mlango wa nyuma ukiwa Barabara ya Kenyatta, kioo kikashuka chote nusura amrukie bodaboda, na sasa fundi anataka kukukatia waya za swichi hiyo. Usikubali. Kwenye Toyota nyingi za zamani, umeme wa kutoka kwenye swichi ya dereva hupitia kwanza kwenye swichi ya nyuma ndipo ufike kwenye mota. Ukikata pale, hata wewe mwenyewe hutaweza kukipandisha kioo hicho, na mvua za Mwanza unazijua.

Tazama mlango wa dereva, pale zilipo swichi zote nne. Karibu nazo kuna kitufe cha peke yake chenye alama ya dirisha, mara nyingi limepigwa mstari. Ukikibonyeza, swichi za abiria hazifanyi kazi, unabaki wewe tu na vioo. Magari mengi tunayoagiza Japani yanacho, ila watu wanaendesha miaka bila kukigusa. Mimi nina mbwa mkubwa, huwa naye nikienda Sengerema, na kitufe hicho nakibonyeza kabla sijamfungulia apande. Halafu nazunguka nyuma najaribu swichi kwa mkono wangu, kwa sababu kwenye gari la zamani kitufe kinaweza kuwa kimekufa na wewe hujui. Kikiwa kimekufa, badilisha paneli ya swichi za dereva. Zilizotumika zinapatikana kwenye maduka ya vipuri.

Mbwa haanzi kwa makusudi. Akitaka kuchungulia nje anapandisha miguu ya mbele pale abiria anapoegemeza mkono, na swichi iko hapo hapo. Shida ni kwamba anajifunza haraka. Wangu tukipita Kirumba, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ikishaingia garini, anasimama na kuparura swichi kwa ukucha mmoja huku macho yake yananitazama kwenye kioo cha ndani. Anajua kabisa anachotaka. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, anaparura weee, mwisho anakaa.

Tena kushuka kwa kioo siyo jambo baya zaidi. Kinachonitisha mimi ni kupanda. Zile swichi za kubonyeza zinazocheza kama bembea, upande mmoja unashusha na mwingine unapandisha. Mbwa akiwa ametoa kichwa, mguu ukatua upande wa kupandisha, kioo kinamkaba shingo, na kadiri anavyohangaika ndivyo anavyozidi kukandamiza. Swichi ambayo lazima uivute kwa kidole ndipo kioo kipande ni salama zaidi, na Marekani sheria inataka hivyo kwa ajili ya watoto. Wala usitegemee kioo kujirudi chenyewe kikigusa kitu. Kwenye magari mengi ya umri wa haya yetu, uwezo huo uko kwenye kioo cha dereva tu.

Sasa milango, maana kitufe cha vioo hakiihusu kabisa. Fungua mlango wa nyuma, angalia ubavuni karibu na kitasa, utaona kidude kidogo cha kusogeza. Hiyo ndiyo loki ya watoto. Ukiisogeza, mlango haufunguki kwa ndani, unafunguka kwa nje tu. Fanya pande zote mbili. Daraja la Kigongo-Busisi ni kilomita 3 juu ya maji, na magari yanakimbia pale. Siyo mahali pa mbwa kunasa kitasa kwa mguu. Milango ya mbele kwa kawaida haina loki hiyo, kwa hiyo mbwa akae nyuma. Na kama gari lina mlango wa umeme wa kuteleza, zima umeme wake kwenye dashibodi.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii: sentro loki. Upo kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, unashuka kukata tiketi, umeacha gari linaunguruma ili mbwa apate kiyoyozi. Anahamia kiti chako kukutafuta kwa macho, anakanyaga kitufe cha kufunga, milango yote inajifunga na funguo ziko ndani. Gari likizimika juani, joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mchana wa nyuzi 28 unakaribia 40, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anategemea kuhema. Funguo zitoke na wewe kila unaposhuka, na mbwa atoke pia. Likitokea na hakuna funguo ya akiba karibu, usisubiri fundi wa kutoka Buhongwa. Vunja kioo cha ubavuni kilicho mbali naye, piga kwenye kona. Cha mbele achana nacho, kina tabaka na hakipasuki upesi.

Pamoja na hayo yote, mfunge. Wangu nilimshonea mkanda wa kifuani kwa fundi mabegi Makoroboi, una kipande kinachoingia kwenye mkanda wa siti. Usimfunge kwa kola ya shingoni, ukikanyaga breki ghafla utamuumiza. Urefu uwe wa kumwezesha kulala na kugeuka, lakini miguu isifike mlangoni. Na ile sehemu ya kuchomekea mkanda, igeuze kitufe chekundu kielekee kwenye egemeo la siti, maana nacho anaweza kukikanyaga.